Mota inayokimbia zaidi huenda ndiyo mgonjwa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Coventry, Uingereza, nasoma uhandisi mwaka wa pili. Mimi na wenzangu wawili tumeunda roboti ya mapambano ya uzito wa unyoya, kilo 13.6. Ni ya kabari, haina silaha ya kuzunguka. Inaendeshwa na mota mbili za drili za volti 18, kila moja na giaboksi yake, na betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli 5. Kwenye pambano la mwisho mpinzani alitubana ukutani, tukasukumana naye hadi ikatoka harufu ya kuungua. Tangu siku hiyo roboti haiendi sawa. Ikikimbia yenyewe inavuta kulia, tukisukuma kitu kizito inavuta kushoto. Tukiiinua juu ya matofali, tairi la kushoto linazunguka haraka kuliko la kulia, kwa hiyo tumekubaliana kwamba mota ya kulia ndiyo iliyokufa. Mimi nimekulia kwenye karakana ya mjomba wangu Gerezani, Dar es Salaam, na kusuka mota za pampu naweza. Je, niisuke ya kulia? Na tukipanda hadi seli 6, tutapata nguvu zaidi ya kusukuma?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mota ya kulia iache kwanza ilivyo. Kwa dalili ulizozitaja, mimi naishuku ya kushoto, hiyo mnayoiona nzima kwa sababu inakimbia.

Mota ya kaboni, ile ambayo vipande vya kaboni hupeleka umeme kwenye rota (sehemu inayozunguka ndani), ikizunguka huzalisha umeme wake yenyewe, na umeme huo husukuma kinyume na wa betri. Mota huongeza kasi mpaka umeme wake ukaribie kulingana na wa betri. Hapo mkondo unaobaki ni mdogo, wa kushinda msuguano tu, na kasi haipandi tena. Sasa, umeme huo wa kinyume unatokana na mambo mawili: kasi ya rota na nguvu ya sumaku. Sumaku ikidhoofika, rota inalazimika kukimbia zaidi ndipo ifikishe volti zilezile. Ndiyo maana mota yenye sumaku iliyochoka humpita mwenzake ikiwa haina mzigo. Ukiipa mzigo mambo yanageuka, kwa sababu nguvu ya kuzungusha hutegemea mkondo na sumaku kwa pamoja. Mota hiyohiyo iliyokuwa inaongoza inaanza kubaki nyuma, huku ikila umeme mwingi kuliko mwenzake.

Angalia tena maneno yako mwenyewe. Ikikimbia yenyewe inavuta kulia, maana yake upande wa kushoto unaukimbia wa kulia. Ikisukuma inavuta kushoto, maana yake upande wa kushoto umezidiwa. Mota ya kulia ingekuwa na kaboni zilizokwisha au koili iliyokatika, ingekuwa dhaifu katika hali zote mbili, na roboti ingevuta kulia kila wakati. Huku kugeuka kwa upande ndiko kunakonifanya niiangalie sumaku ya kushoto. Dalili hii ni nadra kuizingatia, kwa sababu macho huvutwa na tairi linalochelewa.

Hata hivyo tusihukumu kwa dalili peke yake. Kuna jambo jingine la mota za drili linaloweza kuwachanganya, nalo lilikuwapo tangu siku mliyozitoa kwenye drili. Drili hufanya kazi kubwa ikizunguka upande mmoja, ule wa kutoboa. Kurudi nyuma ni kwa kufungulia skrubu tu. Kwa hiyo katika mota nyingi za namna hiyo kaboni hazikukaa katikati ya sumaku. Zimesogezwa digrii chache ili mota ifanye vizuri kwa upande wa kutoboa. Kwenye roboti, mota mbili zinatazamana, moja kushoto na moja kulia. Ili roboti iende mbele, moja lazima izunguke upande wa kutoboa na nyingine upande wa kurudi. Ile ya kurudi hutoa cheche nyingi zaidi na huchelewa kidogo. Roboti nyingi za mota za drili huvuta upande kwa sababu hiyo, na wenye nazo hulaumu mikono yao kwenye rimoti.

Kuvitenganisha visababishi hivi viwili ni rahisi. Weka roboti juu ya matofali, endesha mbele kwa nguvu yote, tazama tairi lipi linatangulia. Kisha endesha nyuma. Kama ukirudi nyuma sasa tairi la kulia ndilo linatangulia, tatizo ni mkao wa kaboni. Kama la kushoto linatangulia mbele na nyuma, basi ama sumaku yake imedhoofika, ama kuna kitu kinaikaba ya kulia: beringi iliyojaa vumbi la chuma, giaboksi iliyopinda, tairi linalogusa fremu. Zungusha kila tairi kwa mkono na usikilize. Ukihisi upande mmoja mgumu, toa mota kwenye giaboksi kabla ya kuendelea, usije ukahukumu mota kwa kosa la gia.

Jaribio linalofuata ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halihitaji kifaa chochote cha maabara. Toa mota zote mbili. Chukua kipande cha mpira wa petroli, ule mwembamba wa pikipiki, upande mmoja uvalishe kwenye pinioni ya mota (gia ndogo iliyo kwenye shafti), upande wa pili uvalishe kwenye bolti iliyobanwa kwenye drili ya mkononi. Usiibane pinioni moja kwa moja kwenye drili, utaharibu meno. Funga mota kwenye jiliwa, gusisha nyaya za multimita kwenye ncha zake, weka kwenye volti za mkondo mnyoofu, kisha zungusha kwa drili kwa kasi yake ya juu. Mota sasa ni jenereta. Kama drili yako inazunguka mara 1,500 kwa dakika, na mota ni ya mizunguko 1,200 kwa kila volti, multimita itasoma volti 1.25. Huhitaji hata kuijua kasi kamili ya drili. Unachohitaji ni kuzipima mota zote mbili kwa drili ileile, moja baada ya nyingine, kwa upande uleule wa mzunguko.

Mota mbili nzima za aina moja hutofautiana kwa asilimia chache tu. Tuseme ya kulia imetoa 1.25 na ya kushoto imetoa 1.05. Hapo jibu limeshapatikana: sumaku za kushoto zimepoteza asilimia 16 ya nguvu yake. Ili itoe nguvu ileile ya kuzungusha, mota hiyo itahitaji mkondo zaidi kwa asilimia 19. Na kwa kuwa joto hupanda kwa kipeo cha pili cha mkondo, itachemka zaidi kwa asilimia 42 kwa kazi ileile. Mota ya namna hiyo kila pambano inazidi kujimaliza. Kuisuka upya hakutaisaidia, maana shaba haina kosa. Kuirudishia sumaku nguvu kunahitaji mashine inayopitisha mkondo mkubwa mno kwa muda mfupi sana, na kwa mota ya drili gharama hiyo haina maana. Iandike kwa kalamu "ya mazoezi" na utafute nyingine.

Imefikaje huko? Harufu mliyoisikia inaelekeza kwenye joto, lakini joto siyo lazima liwe mkosaji pekee. Sumaku za niodimiamu za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu moja kwa moja zikivuka nyuzi 80 hivi; zipo za daraja la juu zinazostahimili hadi 150. Sumaku za ferati, zile nyeusi kama chungu zilizomo kwenye mota nyingi za drili za bei ya chini, zina tabia tofauti. Zikipata joto hudhoofika kwa muda, kiasi cha asilimia 0.2 kwa kila nyuzi moja, kisha hurudi zikipoa. Kinachoziumiza moja kwa moja ni mkondo mkubwa kupita kiasi, kwa sababu koili za rota zenyewe hugeuka sumaku na kuzisukuma kinyume. Na ferati hudhurika kwa urahisi zaidi ikiwa ya baridi.

Mkondo mkubwa kabisa, kinyume na wengi wanavyodhani, hautokei mkiwa mmebanwa ukutani. Hutokea pale dereva anapokuwa mbele kwa kasi yote kisha ghafla akavuta kijiti nyuma. Wakati huo umeme ambao mota ilikuwa inauzalisha kinyume na betri unageuka kuwa upande wa betri, na vyote viwili vinaisukuma mota kwa pamoja. Kwa muda mfupi mkondo unakaribia kuwa mara mbili ya ule wa mota iliyokwama. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya kidhibiti cha mota, weka mabadiliko ya mwelekeo yawe ya taratibu, hata sehemu ndogo ya sekunde inatosha, na kama kina kikomo cha mkondo, kiweke. Dereva wenu atalalamika siku ya kwanza kwamba roboti imekuwa nzito, lakini atazoea.

Sasa tuje kwenye shaba, maana harufu ile ni ya vanishi ya waya na haiwezi kupuuzwa hata kama sumaku ndiyo imeumia zaidi. Ukinzani wa mota hizi ni mdogo mno, sehemu ya kumi ya omu, na multimita ya kawaida haiwezi kuupima. Inapima waya zake yenyewe. Fanya hivi. Chukua balbu ya indiketa ya gari, ya volti 12 na wati 21, iunge mfuatano na mota kwenye betri ya volti 12. Balbu itapitisha ampea 1.7 hivi. Shika shafti isizunguke, kisha pima volti kwenye ncha za mota zenyewe, siyo kwenye waya za mbali. Ukisoma volti 0.20, gawa kwa 1.7, unapata omu 0.12 hivi. Sogeza shafti kidogo, pima tena, endelea hadi umalize mzunguko mzima. Namba zikifanana pande zote, koili na kaboni ziko sawa. Ukikuta sehemu moja namba inaruka juu, hapo kuna bamba la komyuteta (ule mviringo wa mabamba ya shaba ambao kaboni huusugua) lililoungua au koili iliyoachia. Ikishuka sana sehemu moja, koili mbili zimegusana baada ya vanishi kuungua.

Ukitaka uhakika, fungua. Mota nyingi za drili hufungwa kwa vikucha vya kopo vilivyokunjwa juu ya kifuniko cha nyuma. Viinue polepole kwa bisibisi bapa, na kabla ya hapo chora mstari kwa kalamu kutoka kwenye kopo hadi kwenye kifuniko ili ujue kilikaaje. Rudisha kaboni nyuma kwenye vyumba vyake na uzishikilie kwa waya mwembamba, vinginevyo zitakwaruza komyuteta rota inapotoka.

Itazame komyuteta kwenye mwanga mzuri. Ikiwa na rangi ya kahawia iliyokolea na uso laini, ni nzima; usiing'arishe, hiyo rangi ndiyo ngozi yake ya kazi. Bamba moja likiwa jeusi na lenye mashimo huku mengine ni safi, koili inayoishia hapo imekatika au lehemu yake imeyeyuka na kurushwa. Vumbi la kaboni kwenye mifereji kati ya bamba na bamba litoe kwa kijiti cha meno na spiriti. Ukilazimika kusugua, tumia msasa laini wa kawaida wa namba 1,000 au zaidi; msasa mweusi wa chuma na pamba ya chuma usivitumie, chembe zake hupitisha umeme na zikinasa kwenye mifereji zitaunganisha bamba mbili.

Kwa rota yenye nguzo 3, yaani meno matatu ya chuma yenye koili, kuna kipimo kinachosema ukweli wote. Pima kati ya bamba la kwanza na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la kwanza, kwa njia ileile ya balbu. Zote tatu zikifanana, safi. Jozi moja ikisoma mara mbili ya nyingine mbili, koili iliyo kati ya jozi hiyo imekatika. Jozi moja ikiwa chini ya nyingine, kuna mizunguko iliyogusana. Kisha pima kati ya kila bamba na shafti: hapo umeme usipite kabisa. Ukipita, waya umegusa chuma cha rota.

Usisahau springi za kaboni. Hili hupuuzwa sana, na mimi naona ndilo linaloua mota nyingi zilizokuwa bado na uhai. Springi ikipashwa joto kupita kiasi hulegea. Ikilegea, kaboni inaruka juu ya komyuteta badala ya kuikandamiza, cheche zinaongezeka, joto linaongezeka, springi inalegea zaidi. Kwa macho kaboni inaonekana ndefu na nzuri, na mtu anaifunga tena akiwa na amani. Ibonyeze springi ya kila upande kwa kidole na ulinganishe na ya mota mpya. Rangi ya bluu kwenye springi ni ishara tosha. Badilisha springi na kaboni kwa pamoja, kisha iendeshe mota bila mzigo kwa robo ya volti zake mpaka kaboni zichukue umbo la mviringo wa komyuteta. Ukiiingiza uwanjani na kaboni mpya zilizo bapa, mkondo wote utapita kwenye ncha ndogo na utaichoma komyuteta siku hiyohiyo.

Wakati kifuniko kiko wazi, ndipo pia unaweza kurekebisha ule mkao wa kaboni niliousema. Kizungushe kifuniko digrii chache, endesha mota bila mzigo kwa volti zilezile mbele na nyuma, soma mkondo kila upande. Mkondo wa mbele ukilingana na wa nyuma, kaboni ziko katikati. Kunja vikucha hapo. Utapoteza kiasi kidogo cha nguvu kwa upande wa kutoboa na utapata roboti inayonyooka.

Kuhusu kusuka, ujuzi ulioupata Gerezani ni wa thamani, ila mota ya pampu na hii zina shida tofauti. Kwenye pampu unasuka sehemu iliyosimama. Ukikosea mzunguko mmoja mota itaguna tu kidogo. Hapa unasuka kitu kitakachozunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Koili moja ikizidi nyingine kwa gramu chache, rota itatetemeka na kuzila beringi. Waya usipofungwa na kugandishwa vizuri kwa epoksi, utafumuka na kulipuka ndani ya kopo. Zaidi ya hayo, rota iliyoungua mara nyingi tayari imeyeyusha plastiki inayoshikilia bamba za komyuteta, na hapo hakuna kusuka kunakosaidia. Mota ya drili ya akiba ni rahisi kupata. Nunua mbili za toleo moja. Ujuzi wako uuweke kwa ajili ya mota za silaha zisizo na kaboni, mkizifikia siku moja. Zile koili zake zimesimama, waya ni mnene na mizunguko ni michache. Mota ya meno 12 na sumaku 14 fundi wa pampu anaisuka jioni moja, na akifanya kwa uangalifu inatoka bora kuliko ya kiwandani, kwa sababu mkono hupanga waya kwa kubanana kuliko mashine. Kwenye hizo tatizo la kawaida lingine ni sumaku kubanduka kwenye kengele (kopo la nje linalozunguka) baada ya pigo. Zibandike tena kwa epoksi inayostahimili joto kabla haijabanduka ya pili.

Sasa seli 6. Jibu fupi ni hapana, hamtapata nguvu zaidi ya kusukuma.

Tufanye hesabu. Roboti ina kilo 13.6. Tuseme uzito wote uko kwenye matairi yanayoendeshwa, na mpira wenu unashika sakafu kwa kiwango cha 0.8. Nguvu ya juu kabisa mnayoweza kusukuma nayo ni nyutoni 107 hivi, yaani 53 kila upande. Ikizidi hapo tairi linateleza, hata ukiweka injini ya lori. Kwa tairi la kipenyo cha sentimita 10, hizo nyutoni 53 zinahitaji nyutonimita 2.7 kwenye ekseli. Kama giaboksi ni ya 24 kwa 1 na inapoteza asilimia 20 kwa msuguano, mota inatakiwa kutoa nyutonimita 0.14. Kwa mota ya mizunguko 1,200 kwa volti, hiyo ni ampea kama 18. Ongeza mbili za msuguano wa mota yenyewe, ni 20. Hapo tairi linateleza. Mota haitavuta zaidi ya hapo kwa kuwa sakafu haiiruhusu, na joto ndani yake ni wati 48 tu, ambazo itazivumilia dakika zote 3 za pambano. Kasi ya juu nayo inafika karibu mita 5 kwa sekunde, ambayo kwa uwanja wa mita chache ni kasi ya kutosha kumgonga mtu.

Punguza gia iwe 12 kwa 1. Kasi inakuwa mara mbili, inapendeza kwenye karatasi. Lakini sasa mota inahitaji ampea 37 kufikia pale tairi linapoteleza, na joto limepanda hadi wati 164. Ni sawa na mtu anayepanda mlima kwa baiskeli akiwa kwenye gia ya barabara tambarare. Na seli 6 kwenye gia ileile mliyonayo zitawapa kasi asilimia 20 zaidi, lakini tairi litateleza kwenye nyutoni zilezile 53. Mkikwama kabisa, joto litakuwa kubwa zaidi kwa asilimia 44. Kwenye miaka ya mwanzo ya michezo hii, baada ya Mmarekani Marc Thorpe kuianzisha San Francisco mwaka 1994 na BBC kuirusha Uingereza kuanzia 1998, watu walizipa mota za Bosch za wati 750 volti nyingi kuliko zilizoandikwa, na zilistahimili, kwa kuwa zilikuwa na chuma na shaba ya kilo kadhaa za kumeza joto. Rota yenu ina shaba ya gramu makumi machache tu.

Na hapo ndipo palipo kiini cha kilichowapata. Tairi likiteleza mota iko salama. Hatari ni pale lisipoweza kuteleza: mpinzani amepandisha uzito wake juu yenu, tairi limebanwa na ukuta, au limenasa kwenye fremu iliyopinda. Mota inasimama. Ikisimama haizalishi tena umeme wa kinyume, na mkondo unazuiwa na ukinzani peke yake. Chukua omu 0.12 za mota, ongeza za betri, waya na kidhibiti, tuseme jumla ni 0.20. Volti 18.5 za seli zenu 5 gawa kwa 0.20 ni ampea 92. Joto ndani ya mota linazidi wati 1,000. Kama rota ina gramu 30 za shaba, halijoto ya shaba hiyo inapanda kwa karibu nyuzi 90 kila sekunde. Vanishi nyingi za waya zimetengenezwa kustahimili nyuzi 155 au 180. Sekunde mbili, mdogo wangu, na kazi imekwisha. Kwa uhalisia inachelewa kidogo, maana chuma cha rota humeza sehemu ya joto, na shaba ikipata moto ukinzani wake hupanda, asilimia 39 kwa nyuzi 100, kwa hiyo mkondo hushuka. Lakini msijipe matumaini kwa kugusa kopo la mota baada ya pambano. Joto liko kwenye rota, na njia yake ya kutoka ni pengo la hewa na beringi mbili; kopo linaweza kuwa vuguvugu huku ndani pameungua, na litaendelea kupanda joto hata baada ya umeme kuzimwa.

Kwa hiyo mwambieni dereva: tairi likisimama, achia kijiti, rudi nyuma, jaribu pembe nyingine. Kushikilia kijiti mbele huku tairi haligeuki hakumwongezei mpinzani shida yoyote. Na mafundi wekeni kinga ya matairi isiyoweza kupinda ikayagusa, kwa sababu mota nyingi zinazoungua zimekabwa na fremu ya roboti yenyewe. Kagueni pia namna mota ilivyofungwa: ikishikiliwa kwa mbele tu, kwenye giaboksi, kila pigo linaipinda nyuma, na sumaku za ferati hupasuka au kubanduka kwenye kopo. Ipeni mabano ya nyuma yenye mpira kidogo. Klachi ya giaboksi ya drili kama hamjaifunga bado, ifungeni, la sivyo siku moja mtadhani mota imekufa kumbe klachi inaruka.

Fanyeni majaribio haya matairi yakiwa hewani, na kiungo cha kukatia umeme kikiwa karibu na mkono wa mtu asiyeshika rimoti. Betri iliyokuwemo wakati wa harufu ile nayo ikaguliwe. Kama imevimba hata kidogo, msiichaji tena.

Zikifika mota mpya, kabla hazijaingia kwenye roboti, pimeni kila moja vitu vitatu: volti inazotoa ikizungushwa na drili, volti zake kwenye jaribio la balbu, na mkondo wake bila mzigo kwa volti 12 mbele na nyuma. Andikeni kwa kalamu isiyofutika juu ya kopo lenyewe. Baada ya kila mashindano pimeni tena. Ile itakayoshuka kwa asilimia 10 kwenye kipimo cha drili iende kwenye boksi la mazoezi, na jozi iliyobaki muipange zinazokaribiana zaidi, moja kushoto na moja kulia. Ukishazipima hizo mbili zilizomo sasa, niandikie namba ulizopata, hasa za kushoto.